Tangi la Siku Arobaini

Jirani yangu anafuga samaki sebuleni, kwenye tangi la kioo lenye mimea. Wiki iliyopita nilimuuliza swali jepesi tu: nami nikitaka tangi kama lake, chini niweke udongo gani, na juu yake mchanga gani? Badala ya kunijibu akanitumia hadithi hii. Nimeisoma mara tatu na bado mwili unanisisimka. Isome mpaka mwisho, usiruke.

Kulikuwa na mji usio na mto. Watu wote, pamoja na mfalme wao, walikunywa maji ya bwawa moja. Bwawa lilikuwa na mtunzaji, na kazi yake ilikuwa kuangalia samaki na mimea, maana hao ndio waliofanya maji yanyweke.

Mtunzaji wa zamani alikuwa mvivu. Aliacha uchafu uoze chini huku maji ya juu yakiwa safi kabisa. Mvua kubwa ya kwanza ikautibua. Ndani ya wiki mbili walizikwa watoto kumi na wanane. Nilidhani nimesoma vibaya, nikarudia: kumi na wanane. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Namkunda, mfinyanzi wa vyungu. Namkunda akabaki na binti mmoja, Nakiete, wa miaka sita. Na maji yalikuwa ni yale yale, hakukuwa na mengine karibu.

Mfalme akamfukuza yule mtunzaji, akatangaza kwamba anatafuta mwingine. Wakajitokeza wawili: Senkoro, kaka wa malkia, na huyo Namkunda. Watu walicheka, wakamwambia mama wa vyungu akakande udongo wake.

Ili asionekane anapendelea shemeji yake, mfalme akaweka mtihani. Katika ukumbi wa mji kila mmoja alipewa tangi la kioo, samaki wadogo sita na fungu la mimea ya majini.

"Udongo na mchanga mtachagua wenyewe," akasema. "Baada ya siku arobaini nitakuja kutazama. Tangi litakalonipendeza, mwenye nalo nampa bwawa."

Senkoro hakupoteza muda. Alichota samadi mbichi zizini, akaichanganya na udongo mweusi, akaijaza tele. Juu yake akamwaga mchanga mweupe, laini kama unga, unene wa shubiri nzima. Mimea ikapanda kwa fujo. Siku ya ishirini majani mekundu yalikuwa yameshagusa uso wa maji, na watu wakawa wanakuja na watoto wao kushangaa.

Namkunda alifanya kama wafinyanzi wanavyofanya. Udongo wa chungu haufinyangwi siku uliyochimbwa. Unalowekwa shimoni, taka zinaachwa zioze mpaka ziishe, maji yanamwagwa, unaanikwa, kisha unalowekwa tena. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na shimo la udongo uliokwisha pitia masika mawili. Akauchekecha, akaweka unene wa vidole viwili. Juu yake akaweka mchanga wa korongoni, ule wa chenga, wenye chembe kubwa, aliouosha mpaka maji yake yakawa hayana rangi. Nao vidole viwili tu.

Tangi lake lilikuwa na sura mbaya, tusidanganyane. Siku kumi za mwanzo maji yalikuwa na ukungu. Majani ya zamani yakapukutika, mapya yakachelewa. Dada yake mwenyewe alimwendea akamwomba aongeze samadi kidogo, asiiaibishe familia. Namkunda akasema hapana, akaendelea kubadilisha maji.

Siku ya arobaini ikafika, na joho la mtunzaji lilikuwa limeshashonwa kwa kipimo cha Senkoro. Mfalme alilitupia jicho tangi la Namkunda, akapita. Mbele ya tangi la Senkoro alisimama muda mrefu, akasifia, akamwita shemeji yake na kumvika joho palepale.

Namkunda akapiga magoti.

"Mtukufu mfalme, sipingi uamuzi wako. Naomba kitu kimoja tu. Chukua kijiti, uchome mpaka chini kabisa. Kwake na kwangu."

Senkoro akadakia kwamba mimea itaharibika. Mfalme akacheka, akasema kijiti kimoja hakina madhara. Akakichukua, akakizamisha katika ule mchanga mweupe.

Likatoka povu moja. Kisha likatoka rundo zima, na harufu ya mayai viza ikajaa ukumbini. Malkia akaziba pua. Samaki wakapanda juu wote kwa pamoja, wakihema kwa midomo wazi. Mfalme hajachomoa kijiti vizuri, wawili wakageuka tumbo juu. Punde kidogo wakageuka wote sita.

Hapo niliweka simu chini kwanza.

"Shemeji," mfalme akasema, "uliweka nini humu?"

"Samadi mbichi, mtukufu."

"Hukujua kwamba itaoza?"

"Nilijua." Senkoro hakuonekana hata kuona aibu. "Ulisema siku arobaini. Nilitengeneza tangi la siku arobaini."

Ukumbi mzima ukapigwa na butwaa. Aliyeshtuka kuliko wote ni mfalme, kwa sababu hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Akaenda kwenye tangi la Namkunda na kuchoma kijiti. Kikatoka kipovu kimoja kidogo kisicho na harufu. Samaki mmoja akaja kukinusa kijiti. Mfalme akainama, na kupitia kioo akaona mizizi myeupe imejaa udongo wote mpaka chini.

"Mama, hili litakamilika lini?"

"Mwakani, mtukufu. Sasa hivi ndipo linapoanza."

Mfalme akamvua Senkoro joho, akataka kumvika Namkunda. Namkunda akalirudisha kwa mikono miwili.

"Joho litalowa. Mimi naomba kila mwezi uje bwawani na kijiti hicho, uchome wewe mwenyewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kabla ya mvua ile ulisimama ukingoni, ukatazama maji, ukamsifu yule mtunzaji na kumpa ng'ombe. Sisi tukaamini. Mvua iliponyesha, mwanangu akaendelea kuyanywa."

Jamani.

Mfalme hakungoja mwezi uishe. Alitoka vilevile, kijiti mkononi, watu wote nyuma yake, akaenda mpaka bwawani. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Akaingia na viatu vyake, akachoma.

Povu likatoka, tena jingi, na harufu ilikuwa ile ile ya ukumbini. Miezi yote hiyo walikuwa wakitafuta mtunzaji mwingine, na hakuna aliyegusa chini.

Mfalme alipoinua macho, ng'ambo ya bwawa alimwona mtoto wa kike amechuchumaa na kibuyu, amekipeleka mdomoni. Alikuwa Nakiete.

"Mwaga, mwanangu," mfalme akasema mbele ya watu wote. "Mwaga hayo maji."

Nakiete akamtazama mama yake kwanza, kisha akamwaga.

Bwawa lilifungwa siku ile ile. Kwa msimu mzima watu walifuata maji chemchemi ya mbali, nusu siku kwa miguu, mfalme naye akiwa na mtungi wake, huku Namkunda akitoa uchafu wa chini na kuanza upya. Hakuzikwa mtoto mwingine.

Mimi tangi langu bado tupu. Nimeloweka udongo kwenye ndoo uani, na samaki watasubiri. Mtumie hadithi hii mtu anayekaribia kuchagua kiongozi, fundi au mchumba.

Funzo: Ukichagua watu kwa kutazama juu, watakutengenezea juu tu. Choma kijiti mpaka chini kabla hujawakabidhi maji ya watoto wako, na uanzie pale ulipowahi kusifia.