Chungu cha Kiboko na Mfarishi wa Mama Sange

SHAURI NAMBA NNE LA UKINGO WA JUU: KUHUSU UANGALIZI WA MUDA WA MFARISHI MMOJA (1) WA VIRAKA, WAKATI WA KUKAUKA KWA CHUNGU KIMOJA (1) KIKUBWA, NA MENGINEYO.

Hilo ndilo jina lake rasmi. Sisi nyumbani tuliiita ngano tu, na ilianza hivi:

Ngano iko jikoni.
— Ipakue.
Ina moto.
— Tutapuliza.
Ina mifupa.
— Tutatema.

Haya. Zamani, wakati kila kitambaa kilikuwa na historia na kila chungu kilijulikana kimetoka mikononi mwa nani, alikuwapo Sange. Mnamjua Sange: ukimwita panya anakasirika, mwili wake unaenea kwenye kiganja, na pua ni ndefu kana kwamba alizaliwa akiuliza swali. Aliishi ukingoni mwa mto pamoja na mama yake, ambaye alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yamekwisha kuaga.

Sange alikuwa mfinyanzi. Mama yake alikuwa mshonaji. Asubuhi binti hukanda udongo: pwata, pwata, pwata. Mama hushona: chwi, chwi, chwi. Hawakuwa na haraka. Sange akisokota udongo kama nyoka, akamzungusha nyoka juu ya nyoka mpaka kikatokea chungu, basi alikaa akakitazama kwanza, akacheka peke yake, ndipo akachukua kokoto na kuanza kukisugua. Mama akimaliza kiraka, alikipapasa mara tatu, akasema, "Umekaa," kama anayemkaribisha mgeni.

Maana mama alikuwa akishona mfarishi mmoja tu, maisha yake yote. Mfarishi ni ile shuka nzito ya viraka vilivyoungwa pamoja, na huu ulikuwa na kiraka cha kila mnyama wa ukingo. Nguo ya mtu ikichakaa, alileta kipande kwa Mama Sange. Humo mlikuwa na kaniki ya Nungunungu, ambayo ilitoboka upande wa mgongoni tu, na kila mtu anajua kwa nini. Mlikuwa na gunia la Ngiri la mwaka wa njaa. Mlikuwa na ukaya aliovaa Digidigi siku ya arusi yake, akakimbia, akarudi, akakimbia tena. Mama Sange hakuona kitu, lakini jioni alijifunika mfarishi wake, vidole vikatembea kiraka kwa kiraka, naye akawataja wote kwa majina, waliopo na waliohama na waliokufa. Akifika pembeni, usingizi unamchukua.

Sasa, katika mto huo aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa Mkuu wa Ukingo. Nani alimchagua, sijui. Alikuwa mkubwa, akalala njiani, waliopita wakaomba ruhusa, na cheo kikawa kimeanza. Alikuwa na karani wake, Yangeyange, ndege mwenye shati jeupe, aliyeshinda mgongoni mwa mkubwa akila kupe na kuandika.

Siku moja Kiboko aliuona mfarishi umeanikwa. Akauona mwekundu, akauona wa samawati, akauona wa manjano. Mate yakamtoka, ijapokuwa hauliwi.

"Karani, kile ni nini?"

"Mfarishi, Mkubwa."

"Wa nani?"

"Wa Mama Sange."

"Andika."

Yangeyange akaandika kwamba kitu chochote chenye rangi tatu au zaidi ni mali ya Ukingo na kitahifadhiwa na Mkuu. Mchana huo huo mfarishi ukahifadhiwa. Ulihifadhiwa kwa kutandikwa juu ya jiwe na kukaliwa.

Mama Sange akakosa usingizi. Siku ya kwanza vidole vyake vilitembea juu ya mkeka, visikutane na mtu. Siku ya pili akasahau jina la Ngiri. Siku ya tatu alimtazama Sange kwa macho yake yasiyoona, akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani, mwanangu?"

Sange alijua kwamba mfarishi usiporudi upesi, mama atawapoteza wote, na yeye Sange akiwa mmojawapo. Akajifuta udongo mikononi, akaenda mtoni.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya kitambaa, karani atakupa fomu."

"Kitambaa gani, Mkubwa? Nimekuja kwa aibu. Nimeona Mkuu wa Ukingo anakunywa maji kwa kuinamisha kichwa mtoni, kama sisi wengine. Nikasema, hivi hakuna mfinyanzi nchi hii?"

Kiboko akaacha kutafuna.

"Wewe unaweza kunifinyangia chungu?"

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama tumbo langu."

Sange akazunguka tumbo la Kiboko kulipima. Aliondoka asubuhi, akarudi karibu na adhuhuri.

"Kitawezekana. Shida ni kukikausha. Chungu kikubwa hukauka polepole, kivulini, kimefunikwa ili jua na upepo visikipige. La sivyo kitapasuka. Majani ya mgomba yangefaa."

"Nimeyala," Kiboko akasema.

"Yote?"

"Na migomba."

"Basi labda pangepatikana kitambaa kikubwa. Lakini wapi, Mkubwa? Kitambaa kikubwa hivyo hakipo ukingo huu." Pua ikamcheza.

Kiboko akainuka kidogo, akautazama mfarishi aliokuwa ameukalia.

"Huu je?"

"Mkubwa, huo ni mali ya Ukingo. Mimi siwezi kuugusa bila kibali."

"Karani, andika kibali."

Yangeyange akaandika, akasoma: "Mfarishi utakaa kwa mfinyanzi mpaka chungu cha Mkubwa kikauke kikiwa kizima, hapo urudi."

"Na nani atasema kimekauka?" Kiboko akauliza. Alikuwa mlafi, si mjinga.

"Sisi wafinyanzi tunapima kwa shavu, Mkubwa. Unaliweka chunguni. Ukisikia baridi, udongo bado una maji. Ukisikia vuguvugu, tayari. Nitakuwa napima kila siku, halafu nitakuletea habari."

"Wewe? Utanidanganya mwaka mzima. Nitapima mwenyewe."

Sange akainama. "Kweli, Mkubwa. Shavu lenyewe lilivyo kubwa, haliwezi kukosea."

Basi Sange akachimba udongo. Akatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya, akakanda. Pwata, pwata, pwata. Majirani wakaja kusaidia, kwa kuwa zamani mtu hakufinyanga chungu kikubwa peke yake: huyu analeta maji, yule anasokota, yule hafanyi kitu ila anawakumbusha wenzake vyungu vya bibi yake vilivyokuwa bora kuliko hivi. Sange akapanda juu ya mgongo wa Ngiri kufinyanga mdomo. Akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akasugua kwa kokoto, akapiga nakshi kwa gunzi la mhindi. Nitawaambia ukweli: hata kama kilikuwa cha Kiboko, alikipenda. Mkono ukishazoea kazi nzuri hauulizi inakwenda kwa nani.

Chungu kikawekwa bandani. Mchana kilifunikwa mfarishi, na Mama Sange akakaa kando, mkono wake chini ya pindo. Jioni jua likitua mfarishi ulifunuliwa, kwani hakuna jua la kuzuia, mama akajifunika mwenyewe. Siku hiyo alimkuta Ngiri kwenye gunia lake. Akamkuta Digidigi. Akalala.

Kesho yake Kiboko akatoka mtoni. Ti, ti, ti. Maji yanamchuruzika, cho, cho, cho.

"Sange, kimekauka?"

"Weka shavu, Mkubwa."

Kiboko akaweka shavu, pwa. Maji yakateremka chunguni, cho, cho, cho.

"Baridi."

"Basi bado."

Karani akaandika: bado. Kiboko akarudi mtoni.

Siku ya pili, ti, ti, ti.

"Sange, kimekauka?"

"Weka shavu, Mkubwa."

Pwa. Cho, cho, cho.

"Baridi."

"Basi bado."

Siku ya tatu, vivyo hivyo. Siku ya nne, ya tano, ya kumi. Kilichokauka tangu adhuhuri, Kiboko alikilowesha asubuhi. Hakuwahi kujifuta. Angejifutaje? Toka kuzaliwa hakuwahi kujua kwamba yeye ni mbichi. Alidhani dunia nzima ina baridi ile.

Lakini Yangeyange alikuwa na macho. Siku ya kumi na moja, mkubwa alipokwisha kwenda, karani alibaki bandani, kalamu nyuma ya sikio, au mahali ambapo sikio lingekuwapo.

"Sange."

"Naam, karani."

"Naona Mkubwa anakilowesha chungu mwenyewe."

"Karani unaona vizuri."

"Nitalazimika kuandika."

Sange akatafuta uongo, asiupate. Uongo wote wa maana alikuwa ameumaliza siku ya kwanza.

"Nani huyo anaongea?" Mama Sange akauliza.

"Karani wa Mkubwa, mama."

"Sauti hii naijua. Ngoja." Vidole vikaanza kutembea juu ya mfarishi. Vikapita kaniki, vikapita gunia, vikasimama. "Huyu hapa. Melimeli laini. Mama yako ndiye aliyekileta siku mnahama ng'ambo. Ulivunjika mguu ukiwa kifaranga, akakufunga kwa kitambaa hiki. Ukalia siku nzima. Tulidhani ni maumivu, kumbe ulikuwa unalia kwa sababu kina doa."

Yangeyange akashuka, akakitazama. Doa lilikuwapo. Alisimama kwa mguu mmoja kwa muda mrefu, ingawa kwa ndege wa aina yake huwezi kujua ni huzuni au ni mazoea.

"Alisemaje?" akauliza. "Alipokileta."

"Alisema, kitunze, huyu mtoto atakuwa msafi mpaka atusumbue."

Karani akachukua kalamu, akaandika: Shavu limewekwa. Chungu ni kibichi. Sababu: hali ya hewa.

Wiki ya tatu Kiboko akachoka. Alikuja na kishindo, majirani wakatoka nje.

"Leo nataka chungu changu, na mfarishi wangu. Kichome."

"Mkubwa, weka shavu kwanza."

Pwa. Cho, cho, cho. "Baridi. Kichome hivyo hivyo. Moto utakikausha."

"Mkubwa, chungu kibichi hakiingii motoni. Maji yaliyo ndani yatatafuta njia."

"Mkuu ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Kichome."

"Nimekuambia mara moja, Mkubwa. Nakuambia mara ya pili."

"Karani, andika kwamba ameniambia. Sasa kichome."

Desturi ya ukingo ule ni kwamba kila anayefika kwenye uchomaji hutupa kuni yake moja. Wakatupa wote. Kiboko akatupa gogo. Moto ukashika, ukaimba. Sange akasimama mbele yake, anatazama mdomo alioufinyanga, nakshi ya gunzi, mng'ao wa kokoto. Yeye peke yake hakuwa akitabasamu.

Kikalia: tik. Kikalia: tik, tik. Halafu, puu. Vigae vikaruka, Ngiri akalala chini, Digidigi akakimbia, akarudi, akakimbia tena.

Moshi ulipopungua, Kiboko akasema, "Sawa. Mfarishi."

Yangeyange akakohoa, akafungua daftari. "Kibali kinasema: mpaka chungu kikauke kikiwa kizima. Je, ni kizima?"

"Kimepasuka, huoni?"

"Naona, Mkubwa. Kibali hakina kifungu cha kupasuka."

"Kiandike."

"Kifungu kipya kinahitaji kikao. Kikao kinahitaji akidi. Akidi ni wewe na mimi, na mimi leo nina udhuru."

"Kesho?"

"Nimeomba likizo."

Kiboko akatazama vigae, akatazama mto. Jua lilikuwa limeanza kumchoma ngozi. "Sange, finyanga kingine," akasema. "Na safari hii nitakuja kupima asubuhi na jioni."

"Itasaidia sana, Mkubwa," Sange akasema, akaanza kuokota vigae vya kutwanga.

Hapo ndipo uzi ulipokatikia. Mwenye sindano na aendelee.

Na sasa fundisho, maana ngano isiyo na fundisho hairuhusiwi mbele ya watoto. Ngano hii inatufunza kutii wakubwa, kujaza fomu, na kutogusa mali ya umma bila kibali. Sange alitii kila neno aliloambiwa. Tuige mfano wake.

Jalada la shauri namba nne halijafungwa. Ukurasa wa mwisho unasema chungu cha tisa kinaendelea kukauka vizuri. Kilichotokea ni hiki: Mama Sange alijifunika mfarishi wake kila jioni kwa miaka mitatu, akawataja wote, akamtaja na Sange, kisha akafariki. Kiraka cha mwisho ni cha kanga yake. Sange alikishona mwenyewe, vibaya kidogo.