Jiwe la Uani

"Kilichoingia ndotoni ndicho kilichoandikwa." Nimewasikia mkirushiana maneno hayo tangu mlipokaa hapa, kila mmoja akimcheka mwenziwe ambaye makala yake imekataliwa na wahariri. Wewe Lusajo ndiye unayeyatamka kwa mbwembwe kuliko wote, na nikikuuliza yametoka wapi utanikodolea macho. Haya, wekeni simu chini. Yasiyo na haraka yatangoja, na yenye haraka yatangoja vilevile. Methali hiyo ilizaliwa hapahapa Tukuyu, nyumba inayopakana na yangu, na mimi nilikuwapo. Nitawaambia ilivyokuwa.

Kulikuwa na mama mmoja, jirani yangu, uani kwake na uani kwangu tukitenganishwa na migomba tu. Alikuwa na mabinti wawili, Atupele mkubwa na Tumpe mdogo. Kama ilivyo desturi, tulimwita Mama Atupele, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe alipofariki, Atupele alikuwa kazini mbali, akafika watu wameshatoka makaburini. Mama, kwa uchungu aliokuwa nao, akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Ungebaki hukohuko." Binti akaenda kufunga begi lake. Asubuhi yake akaondoka, akabadili namba ya simu, na miaka ikapita bila habari zake. Sisi tuliendelea kumwita yule mama Mama Atupele, maana tungemwitaje? Lakini nilikuwa namwona, kila nikimwita, anameza mate kwanza ndipo anaitika.

Tumpe alikuwa mtu wa kusoma. Kulikuwa na jarida la mtandaoni la waandishi lililoitwa Kiambaza. Watu walituma makala, zilizo nzuri zikachapishwa, na wasomaji wakaandika maoni yao chini. Siku moja Tumpe akakuta maoni ya msomaji aliyejiita Atu wa Tukuyu, na namna ya kuzungumza ni ya dada yake kabisa. Akamjibu palepale, "Dada, ni mimi Tumpe. Mama anakuulizia. Rudi nyumbani." Tangu siku hiyo jina lile halikuonekana tena kwenye maoni. Tumpe alilia, akaja kwangu kusema kwamba amemfukuza dada yake mara ya pili. Nilimwambia, "Mwanangu, mtu aliyeumia ukimvuta mkono anaukaza." Ndipo akapata wazo la kuandika makala yake mwenyewe, itoke Kiambaza, dada yake aikute bila kuvutwa na mtu.

Akaandika. Akaipa jina "Umuhimu wa Familia katika Jamii". Mnacheka? Ninyi zenu mnaziitaje? Ilikuwa insha ya shuleni ile, familia ni nguzo ya taifa, tangu enzi na enzi, methali zimebanana kama viazi ndani ya gunia. Mhariri akamjibu kwa upole kwamba lugha yake haina kosa, ila wameisoma hadi mwisho hawakukuta mtu ndani. Tumpe akairudia. Akaongeza maneno mazito, akaongeza na viazi.

Sasa, mnaijua mvua ya huku. Mchana mmoja, baada ya ndizi na maharage, ilikuwa ikinyesha ile ya polepole isiyo na mwisho, ukungu umeingia mpaka mlangoni, migomba haionekani vizuri. Mama Atupele alikuwa amejilaza mkekani. Mimi nilikuwa kwao nikichambua mchele. Tumpe akasema, "Mama, nikusomee kabla sijaituma." Akaanza kusoma. Sauti yake na ya mvua juu ya bati zikawa kitu kimoja, na hata mimi mikono ilianza kunilegea. Alipofika katikati, mama alikuwa amelala fofofo.

Tumpe alisoma mpaka mwisho, hivyohivyo, kisha akakaa akimtazama. Aliumia, nisiwafiche. Baadaye mama akafumbua macho, akaangalia dari.

"Nimewaona," akasema. "Mko kwenye jiwe la uani, jioni. Atupele anakusugua miguu kwa gunzi, nawe unalia kwamba maji ni ya baridi."

"Mama, hayo sikuyaandika."

"Umeyaandika. Mimi nimetoka huko sasa hivi. Miguu yenu ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini."

Tumpe akapekua makala yake. Ni kweli, kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba walipokuwa watoto waliosha miguu juu ya jiwe kabla ya kuingia ndani. Mmoja tu, na alikuwa ameshapanga kuufuta.

"Na kuhusu nguzo ya taifa?" akauliza.

"Nguzo gani?" mama akasema. "Mwanangu, kilichoingia ndotoni ndicho kilichoandikwa. Hayo mengine umeyatamka tu."

Tumpe akavifuta viazi vyote. Akabaki na jiwe. Akaandika jinsi walivyogombania nani aoshwe wa kwanza, na beseni la bati lenye kovu, na mama akiwangoja mlangoni na kitenge cha kuwafutia. Hakuandika dada alikwenda wapi, wala kwamba arudi. Alipomsomea mama, mvua ilikuwa hiyohiyo, na mama alisinzia tena. Safari hii, kabla hajaamka sawasawa, alisema kwa sauti ya zamani ya kuita watoto, "Atupele, ingia ndani, utaumwa."

Mama akajifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Ongeza kwamba beseni bado naliweka pale kila jioni, na maji ya moto safari hii," akasema.

"Lakini huliweki, mama."

"Nitaliweka leo."

Akaliweka. Mimi niliona mvuke ukipanda kule nyuma ya migomba, jioni ile na jioni zilizofuata, maji yanapoa, anayamwaga, kesho anachemsha mengine. Makala ikapokelewa. Ilipochapishwa, wasomaji wasiotujua walianza kusimulia juu ya mawe yao na mama zao. Tumpe aliyasoma maoni yote, akitafuta moja. Lilikuja baada ya wiki nyingi, halina jina, "Jiwe bado linacheza upande wa kushoto?"

Makala haikusema popote kwamba jiwe lile linacheza mtu akilikanyaga.

Tumpe alimsomea mama. Mama akamwambia arudie, akarudia. "Mjibu kwamba linacheza," mama akasema. "Mwambie hatujaligusa."

Basi, mchana mmoja wa ukungu niliona mwanamke mwenye begi akipita pembeni ya nyumba. Hakwenda mlango wa mbele. Alizunguka uani, akavua viatu, akapanda juu ya jiwe. Nilisikia likigonga chini, ko, kama lilivyogonga siku zote. Mama Atupele alikuwa amesinzia kwenye kibaraza cha nyuma. Akafumbua macho akamtazama muda mrefu.

"Naota tena," akasema.

"Ndoto gani ina miguu michafu hivi, mama?"

Mama akainuka, akaenda kuchukua beseni. Akapiga magoti kwenye tope, mtu mzima yule, akamwosha mwanawe miguu, mmoja kisha mwingine, akisema, "Nisamehe, nisamehe." Mimi nikamwita kutoka upande wangu, "Mama Atupele!" Akaitika mara moja.

Kwa hiyo, Lusajo, ukimaliza makala yako usikimbilie kuituma. Tafuta mtu aliyeshiba, mvua ikinyesha, umsomee. Akilala usinune. Ngoja aamke, umuulize alikuwa wapi. Kilichoingia ndotoni ndicho kilichoandikwa.