Ini la Mbuzi wa Mbaruku

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani ya juzijuzi tu, alikuwako muuza nyama mmoja wa Muheza, jina lake Mbaruku. Miaka ishirini alipasua ng'ombe, na sheria yake buchani ilikuwa moja: ini lenye doa, tupa!

Siku moja tumbo likamsokota. Akaenda hospitali, akalazwa, akapakwa mafuta ya baridi tumboni. Mpimaji wa utrasaundi, binti aitwaye Tausi, alikuwa ameambiwa atazame nyongo tu. Lakini Tausi huyo, macho yake yana umbea! Akapitisha kifaa kwenye ini vilevile.

"Baba, ini lako lina doa. Nenda mkoani ukapigwe picha kubwa."

Thubutu! Mbaruku alisikia neno doa tu. Akarudi nyumbani, akagawa visu vyake, akanunua sanda, akajilaza.

"Picha ya nini? Ini lenye doa nalijua mimi."

Siku ya tatu hali, hanywi. Mkewe, Bi Mwantumu, alilia mpaka akachoka kulia. Kisha akapaka wanja, akajifunga khanga mpya, akamsogelea.

"Baba Zaina, wewe lala tu. Chambuso, yule mwenye bucha ng'ambo ya barabara, kaleta salamu. Anauliza eda yangu itaisha lini."

Weee! Maiti ilifufuka! Kabla ya adhuhuri Mbaruku yumo ndani ya basi. Na Chambuso, maskini ya Mungu, hakuwa na habari yoyote.

Kule mkoani akachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, akaingizwa kwenye mashine ya siti-skani. Daktari wa upasuaji akatamka, "Saratani hiyo, apasuliwe kesho." Lakini Daktari Ngwale, msomaji wa picha, mwanamke asiyeharakishwa na mtu, akasema, "Subirini." Akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama ya tatu. Dawa ilikuwa ikiingia kwenye doa polepole, toka pembeni kwenda katikati.

"Doa linalokunywa dawa hivi ni kifundo cha mishipa ya damu tu, si saratani. Mwacheni akale. Miezi sita apimwe tena kule kwao, kisha arudi huku tumwangalie."

Mbaruku akalia kwa furaha mbele za watu. Akarudi, akachinja mbuzi wa shukrani, akawaalika wanawake wote watatu. Na ada ya ukoo wake ni hii: ini la mbuzi wa shukrani halikatwi. Hupewa mtu mmoja tu, aliyekuokoa.

Tausi akasema, "Ni langu. Nisingeona mimi, nani angejua?"

Bi Mwantumu akadakia, "Mwanangu, kuona kwako ndiko kulikomlaza! Ni langu. Nisingemtia wivu, mngepiga picha kitanda kitupu."

Daktari Ngwale akacheka. "Mama, ulimfikisha kwenye kisu. Ni langu. Nisingesema subirini, angepasuliwa bure."

Mbaruku kashika sahani, jasho linamtiririka. Akimnyima mkewe, nyumbani hapakaliki. Akimnyima Tausi au Ngwale, miezi sita ijayo atalala mbele yao tumbo wazi, na kicheko watakachomcheka anakijua.

Haya, mahakimu wangu wa jamvini, msiniambie wagawane, nimeshasema halikatwi. Sahani inapoa, na Mbaruku anawatazama nyinyi. Je, ini ni la nani?