Mbio za Konde la Chemchemi

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa ninyi wala huyo anayetafuna mahindi mlangoni, palikuwa na mji juu ya kilima, ukiitwa Mlalani. Mji wenyewe mawe matupu. Ardhi nzuri ilikuwa moja tu, chini kule kwenye chemchemi: konde dogo la udongo mweusi, halikauki hata jua likiwaka vipi. Konde hilo halikuwa la mtu. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, wasichana wa mji walishindana mbio kutoka chemchemini hadi barazani kwa Jumbe, mkubwa wa mji. Anayefika kwanza hukabidhiwa jembe, na nyumba yao hulima konde mwaka mzima. Jembe moja, konde moja, nyumba moja. Halikatwi wala haligawanywi. Ndivyo walivyoikuta ada.

Basi, palikuwa na msichana, jina lake Mwanatumu. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake, Mize, alikuwa akilima kwenye mawe, na miaka miwili mfululizo mahindi yamemnyaukia. Mwaka huo Mize akamwambia, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha, "Mwanangu, tukikosa konde safari hii, wadogo zako wawili nawapeleka kwa mjomba wao ng'ambo ya mto. Hapa watakufa njaa."

Kesho yake alfajiri Mwanatumu akaanza kukimbia. Akapanda kilima, akashuka. Akapanda, akashuka. Miezi sita, wallahi, hata mbuzi wakazoea kumpisha njia.

Ehee. Zikabaki siku mbili mbio zifanyike, Mwanatumu akaingia mwezini.

Mnacheka nini huko nyuma? Nyote mmetoka huko huko! Tulieni.

Ada ya Mlalani ilikuwa hivi: mwali akiwa kwenye siku zake hukaa ndani siku saba. Hakimbii, ati kizazi kitashuka. Hasogelei chemchemi, ati itakauka. Mwanatumu akalia mpaka macho yakavimba, kisha akajifunga leso, akaenda kwa Bi Mwaka. Huyu Bi Mwaka ndiye kungwi aliyewafunda wasichana wote wa mji, nao walimwita Somo.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

"Hakuna, Somo. Nimeona siku zangu."

Bi Mwaka akaacha kupepeta mchele. "Unaumwa?"

"Kiuno kidogo. Na tumbo linakaza."

"Kizunguzungu? Damu inakushinda?"

"La, Somo. Kama siku zote."

Bibi akauweka ungo kando. Kisha akasema, "Mwanangu, miaka arobaini nafunda. Mkiwa wanawali tunawaambia msikimbie, kizazi kitashuka. Mkiolewa mnalima mkiwa mwezini, mnatwanga mkiwa mwezini, mnapanda kilima na mtungi kichwani mkiwa mwezini, na hakuna anayeuliza kizazi kiko wapi! Nimengoja nikione hata kimoja kilichoshuka kwa mbio. Sijakiona. Kesho tembea taratibu, unyooshe kiuno. Kunywa tangawizi. Asubuhi ya mbio vaa sodo nzito, ukaze uwinda, ile nguo ya kupitisha kati ya mapaja. Ukiona kizunguzungu, kaa chini, usishindane na mwili wako. Usipokiona, kimbia."

"Na chemchemi, Somo?"

"Wanawake wote wa mji huu wanachota pale. Mbona haijakauka?"

Mwanatumu akafanya alivyoambiwa. Kesho yake akatembea, kiuno kikalegea. Asubuhi ya mbio akakimbia mbio ndogo kuzunguka nyumba, na tumbo likaacha kukaza. Akashangaa mwenyewe.

Wakasimama chemchemini wasichana kumi na mmoja. Upatu wa shaba ukagongwa, wakatoka.

Aliyeongoza ni Tabu, binti wa mfinyanzi, jirani yake Mwanatumu, miguu mirefu kama ya korongo. Nyuma yake Mwanatumu. Wakapanda kilima, Tabu mbele, Mwanatumu nyuma. Wakapita mawe makubwa, Tabu mbele, Mwanatumu nyuma. Walipofika nusu ya njia Tabu akageuka amwone mwenzake yuko wapi. Akaona uwinda umelegea, damu inamshuka mguuni, na Mwanatumu anakimbia huku ameshika nguo kwa mkono mmoja.

Tabu akasimama.

"Njoo nikufunge."

"Tabu, wenzetu watatupita!"

"Wapite. Utatokea barazani hivyo, mbele ya wajomba na wakwe?"

Akaivua leso yake ya juu, ile nyekundu yenye mapambo ya korosho katikati, akamzungushia mara mbili, akakaza fundo. Wasichana wawili wakawapita. Kisha wote wawili wakaondoka kama walioona chui. Wakampita wa kwanza, wakampita wa pili. Pale barazani Mwanatumu akamtangulia Tabu kwa urefu wa mkono mmoja tu.

Vigelegele! Mize akakaa chini kwenye vumbi, akawakumbatia wale watoto wake wawili, akalia kwa furaha.

Lakini kuna mama wa kufichwa leso ya mwanawe? Mama yake Tabu akauliza pale pale, "Leso ya mwanangu imefikaje kiunoni kwako?"

Mwanatumu angeweza kudanganya. Hakudanganya. Akasema, "Niko mwezini, mama. Tabu alinisitiri njiani."

Jumbe, maskini, mwanamume mzima mwenye ndevu, hajawahi kusikia neno hilo likitajwa mchana kweupe. Akaanza kuzikagua boriti za paa. Mzee mmoja akasema chemchemi itakauka. Mwingine akatumwa kwenda kuitazama. Akarudi akasema inatiririka kama jana.

Basi Tabu akasogea mbele. "Jumbe, mimi sigombi na mwenzangu. Lakini nilikuwa mbele. Nisingesimama, jembe lingekuwa langu, na hakuna ambaye angenilaumu. Na sisi nyumbani tuko tisa, tunakula ugali wa mtama mara moja kwa siku."

Mtu mmoja akapayuka, "Tenda wema uende zako!"

"Nimekwenda zangu," Tabu akasema, "na nimefika wa pili. Nauliza tu, wa kwanza alifikaje?"

Mwanatumu akajibu, "Kwa miguu yangu, Tabu. Leso ni yako, na fadhila yako nitakufa nayo. Lakini miezi sita ya kilima ni yangu. Hukunibeba. Somo mwenyewe aliniambia nikimbie. Kama niliharamishwa kukimbia, niambieni. Kama sikuharamishwa, nimeshinda. Nikikosa jembe hili, hawa wadogo zangu wanaondoka."

Watu wakaanza kusema, "Kweli, kweli." Jembe likainuliwa.

"Ngojeni!"

Wakageuka. Alikuwa Hadia. Mnamjua Hadia? Hamumjui, sijawaambia. Hadia ndiye aliyeshinda mbio hizo miaka miwili iliyotangulia. Mwaka huo hakuonekana, watu wakadhani anaumwa. Sasa amesimama uwanjani kwa Jumbe, ametoka ndani kabla siku saba hazijatimia, na mama yake anamvuta mkono arudi.

"Na mimi niko mwezini," akasema. "Tangu juzi. Siumwi popote. Nilikaa nyuma ya pazia, nikasikia upatu, nikasikia miguu inapita dirishani kwetu. Hapana aliyenifunga kamba. Neno la Somo ndilo lililonifunga. Kama nilikosea kutii, semeni. Na kama kutii ni kosa, nani alinifundisha?"

Mize akasema kwa uchungu, "Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu."

"Sikuwepo kwa sababu niliambiwa nisiwepo, mama. Mwanatumu aliambiwa awepo, na aliyetuambia ni mtu mmoja."

Macho yote yakamwendea Bi Mwaka.

Bibi akainuka pole pole. "Ni kweli. Wote ni wanangu. Hadia nilimfunda miaka mitatu iliyopita, nikampa ada kama nilivyopewa. Moyoni sikuiamini tena, lakini nilinyamaza. Niliogopa mama zenu wangeacha kuniletea mabinti. Mwanatumu alikuja mlangoni kwangu akilia, nikamwambia kweli. Hadia hakuja, kwa sababu alinisikiliza vizuri zaidi. Na mimi sikumfuata. Hilo ni langu, simpi mtu."

Jumbe akaziacha boriti. Wazee wakataka mbio zirudiwe, lakini wingu lilikuwa limeshafunga upande wa mashariki, na ada inasema jembe likabidhiwe kabla tone la kwanza halijaanguka. Likianguka jembe liko barazani, konde linalala mwaka mzima bila mkulima, na hapo watakosa wote. Wengine wakasema walime pamoja. Wazee wakakataa: jembe moja, nyumba moja.

Jumbe akalichukua jembe kwa mikono miwili, akampa Bi Mwaka.

"Umewafunda wewe," akasema. "Mimi mambo haya siyajui, na leo nimejua kwamba siyajui. Mkabidhi anayestahili."

Bi Mwaka akasimama na jembe mikononi. Mbele yake Mwanatumu, ameshinda kwa miguu yake, wadogo zake wamemshika nguo. Mbele yake Tabu, aliyekuwa wa kwanza akasimama. Mbele yake Hadia, pengine mwenye mbio kuliko wote, aliyekaa nyuma ya pazia kwa sababu alimwamini yeye. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Wote walikuwa wanamtazama usoni, na upepo wa mvua umekwisha kufika uwanjani.

Nanyi msinitazame mimi, jembe sinalo. Wewe uliyekuwa ukicheka nyuma, njoo usimame alipo yule bibi, ulishike. Tone liko njiani. Je, nani alistahili?