Gniewomir wa Mlango wa Rudnowa

Katika zama za wafalme watatu walioigawana Poland kama wawindaji wagawanavyo paa, jina la nchi lilipokuwa limefutwa katika ramani na kubaki vinywani tu, alizaliwa katika mji wa Rudnowa Gniewomir Strug, mwana wa Stoigniew mvunja mawe, mwana wa Ziemowit aliyekatwa mkono vitani, mwana wa Dobrawa, yule mjane aliyewafukuza watoza kodi kwa mpini wa shoka. Ukoo wa Strug haukuwa na shamba wala cheo. Ulikuwa na nguvu. Gniewomir akiwa hajaota ndevu bado, mwamba uliporomoka machimboni ukamfunika baba yake, naye akaingia chini yake, akauinua kwa mgongo na kuushikilia mpaka maiti ikatolewa. Tangu siku hiyo wakamwita Dubu wa Rudnowa.

Zama hizo lugha ya mfalme aliyeitwaa Rudnowa ilitawala mahakamani na shuleni, ikatawala hata makaburini, kwani jiwe lililochongwa maneno ya Kipolandi lilivunjwa kwa nyundo. Watu wa Rudnowa wakaomba nyumba moja tu ya kusemea lugha yao, nayo ni jumba la maigizo. Gavana wa mfalme alicheka, akakubali kwa masharti mawili: wajenge bila farasi wala ng'ombe, na kila mchezo uchezwe mbele ya mkaguzi wa mfalme hadi neno lake la mwisho. Siku mchezo mmoja utakapokatika njiani, nyumba itakuwa zizi la farasi wa jeshi.

Gavana aliamini kwamba sharti la kwanza lingewashinda. Gniewomir, Dubu wa Rudnowa, alijifunga kamba kifuani akaziburuta boriti kutoka msituni, moja baada ya moja. Msimamizi mmoja wa gavana aliikata ile kamba mlimani, gogo likabingirika na kuwaponda waashi wawili. Gniewomir alimfuata mbio. Alimkamata msimamizi, akamfunga juu ya gogo lile lile kwa kamba ile ile, akaliburuta juu ya mawe mpaka mjini, na walipofika hapakuwa na mtu wa kufungua, palikuwa na mzigo wa nyama. Jumba likajengwa.

Kikundi chao cha waigizaji, Gniewomir akiwamo, hakikucheza mchezo mmoja tu. Leo waliigiza mkasa wa mfalme, kesho kichekesho cha mfinyanzi na mkewe, keshokutwa mchezo mwingine, na hakuna kichwa kilichoweza kuyabeba maneno yote hayo. Kwa hiyo Sabina, mdogo wake Gniewomir, aliketi katika shimo lililochimbwa mbele ya jukwaa, taa na maandishi pembeni, akimnong'oneza kila mwigizaji neno alilolisahau. Aliwatambua watu kwa viatu vyao. Viatu alivyovipenda vilikuwa vya Tymon, mumewe, aliyeigiza wana wa wafalme.

Watazamaji wa Rudnowa walikuwa wahunzi na wavunja mawe, na upanga wa mbao ungewachekesha, kwa hiyo jukwaani walipigana kwa chuma. Gniewomir aliwafundisha wenzake pigo la ajabu: upanga ushuke kwa nguvu zote za bega, kisha ukome kiganja kimoja kabla ya shingo. Alilirudia pigo hilo kila juma kwa miaka mingi, na hakuna aliyechubuka. Akajisifu kwamba mkono wake unajua mahali pa kukoma.

Ndipo jeshi la mji likapata mkuu mpya, Kapteni Reuss, mtu aliyechukia kusikia lugha asiyoielewa. Alikuja jumbani akamkuta Gniewomir akipiga misumari.

"Jumapili mtasema kwa lugha ya mfalme," alisema.

"Jumapili tuna mkasa wa mfalme," Gniewomir akajibu, "lakini mfalme wetu ni wa humu humu. Njoo utazame, Kapteni. Keti nyuma, wewe mrefu."

Kapteni alilijua sharti la gavana. Hakuhitaji kulichoma jumba. Mchezo ukikatika, jumba ni lake.

Jumapili alasiri watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mkaguzi wa mfalme, Bwana Hanke, mzee mkavu wa maneno, aliketi kiti cha mbele na maandishi ya mchezo mapajani, akifuata kila mstari. Katika tendo la tatu mfalme aliuawa, na Gniewomir, aliyemwigiza, alikuwa amelala jukwaani kama maiti, taji kichwani, wakati askari walipovunja komeo la mlango na kuingia wakipiga watu kwa vitako vya bunduki. Mwanamke mmoja alipasuliwa taya. Mhunzi aliyesimama kumtetea alichomwa tumboni kwa singe ya bunduki.

Maiti ya mfalme ikainuka.

"Kumbe wafu wenu huamka," Kapteni alisema akipanda jukwaani.

"Huamka wakipigiwa kelele."

Wavunja mawe waliwarukia askari kwa mabenchi na ngumi, wakavunja mbavu na magoti, wakawasukuma nje huku damu ikitelezesha miguu ya wote. Juu ya jukwaa Gniewomir aliinua upanga akaushusha kwenye shingo ya Kapteni kwa nguvu iliyowahi kuinua mwamba, na upanga ukakoma kiganja kimoja kabla ya ngozi.

Kapteni alikuwa amefumba macho. Alifumbua, akajikuta hai. Gniewomir akapiga tena, na mkono ukakoma tena pale pale, kama ulivyofundishwa. Kapteni akacheka, akachomoa bastola akampiga risasi. Risasi ikamkwaruza Gniewomir sikio na kuingia kooni mwa Tymon aliyekuwa nyuma yake. Kutoka shimoni Sabina aliona vile viatu vikipiga mbao, kisha vikitulia.

Kazi yake ilikuwa kumpa mtu kile kilichompotea. Alisema kwa sauti ile ile ya kila siku, "Kaka, tupa upanga. Mikono mitupu haijafundishwa kukoma."

Gniewomir akautupa. Alimshika Kapteni shingo na paja, akamwinua juu ya kichwa, akamvunja mgongo kwenye ukingo wa jukwaa kama avunjavyo mtu kuni gotini.

Nje ngoma ililia: kikosi kizima kilikuwa kinatoka kambini. Komeo limevunjika, na tendo la nne, la mwisho, halijachezwa. Wahunzi wakakimbilia mlangoni, lakini Gniewomir akawazuia.

"Rudini vitini," alisema. "Mchezo hauchezwi mbele ya viti vitupu. Mfalme ameshakufa, jukwaa halinihitaji. Mlango nitaushika mimi."

"Na mwana wa mfalme?" mmoja akauliza. "Tymon amekufa."

Sabina akatoka shimoni. Alimvua mumewe joho, zito kwa damu, akalivaa, akasimama jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwake na kuanza kusema maneno ya mwana wa mfalme, ambayo aliyajua yote.

Gniewomir aliegemeza mgongo mlangoni, akachimbia visigino sakafuni. Askari walisukuma, mlango haukwenda. Wakaanza kupitisha singe katika nyufa za mbao. Sabina aliona ncha ya kwanza ikitokeza begani mwa kaka yake, kisha ya pili ubavuni. Tendo la nne lilikuwa refu, na karibu lote lilikuwa maneno ya mwana.

Bwana Hanke aliinamia jukwaa. "Bibi," alinong'ona, "ruka. Nenda mwishoni. Sitasema."

Sabina akasita. Mistari michache tu, naye angemwahi kaka yake akiwa hai. Lakini watu wote walikuwa wakimsikiliza, na neno moja likirukwa, askari wa nje wangeapa kwamba mchezo ulikatika. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, yenye damu na mzaha.

"Usile maneno, dada. Nasikia mpaka huku."

Hakuruka hata neno. Aliyasema kwa mwendo wake, singe zikiingia na kutoka, mpaka mwana wa mfalme alipouaga mji wake na pazia likashuka.

Walipofika mlangoni, Gniewomir alikuwa amekufa amesimama, na iliwabidi wanaume wanne kumwondoa. Bwana Hanke alitoka akasimama mbele ya bunduki, maandishi mkononi, akatamka: "Mchezo umekwisha. Wote. Nyumba hii ni yao." Gavana akaona damu ya Kapteni imekwisha kulipwa kwa damu, akaliacha jumba. Mfalme yule na wenzake walipita. Jumba lipo.

Na katika Rudnowa hadi leo, pazia likishuka, watazamaji hawainuki. Mwigizaji mmoja, angali na mavazi ya mchezo, hupita katikati yao, huegemeza mgongo mlangoni na kukaa kimya kitambo, kisha ndipo hufungua. Mgeni asiyejua akiinuka mapema, jirani humvuta nguo.

"Keti, ndugu," humwambia. "Bado ameshikilia."