Jina Alilopewa Mwamuzi

Palikuwa na mtu mmoja, Asajile, aliyekuwa na filimbi na hakuwa na mtoto. Kila Jumamosi asubuhi alibeba ndoo ya majivu kutoka jikoni kwa mkewe, akachora mistari ya uwanja nyuma ya soko, kisha akawachezesha mpira watoto wa watu. Hakuna aliyemlazimisha.

Wazazi walisimama nje ya mistari hiyo. Msidhani walikuwa wahuni. Walikuwa watu wa kwaya, watu wanaovua kofia jeneza likipita. Lakini mpira ukianza, heshima waliiacha nyumbani. Mwizi, kipofu, mla rushwa, yote walimwita. Lwitiko, fundi cherehani, ambaye mwanawe Ambakisye wa miaka minane alicheza winga, ndiye aliyelipata neno lenye kuuma zaidi. Alimwita mgumba. Wenzake wakacheka, na kicheko kikalinogesha neno. Kabla msimu haujafika nusu, uwanja mzima ulikuwa ukimwita Asajile hivyo.

Asajile alisikia. Hakuwa kiziwi, wala moyo wake haukuwa jiwe. Aliing'ata filimbi mpaka ikabaki na alama za meno, na faulo akaiita faulo, iwe ya mtoto wa Lwitiko au ya mwingine. Alivumilia kwa sababu moja tu. Pale uwanjani palikuwa na desturi: mechi ikiisha watoto hupanga foleni, kila mmoja humpa mwamuzi mkono na kumshukuru. Mikono midogo, yenye jasho na vumbi. Mtu asiye na mtoto alirudi nyumbani na mikono hiyo, ikamtosha wiki nzima.

Jumamosi moja alikataa kutoa penalti, kwa kuwa Ambakisye alijikwaa mwenyewe. Matusi yalimwagika hadi filimbi ya mwisho. Foleni ikapangwa. Ambakisye alipofika alinyoosha mkono, akainamisha kichwa kwa adabu kama alivyofunzwa nyumbani, akasema, "Asante, Mgumba." Hakukusudia ubaya. Alimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kumsikia mtu mzima akimwita vingine.

Lwitiko akavuka mstari wa majivu, akamnasa mwanawe kibao.

"Mjinga wewe! Nani amekufundisha kumtukana mtu mzima?"

Mtoto akaangua kilio, akawatazama wale waliosimama kando ya uwanja. Ghafla kila mmoja alikuwa na kitu cha kutafuta chini. Asajile aliushika ule mkono mdogo mpaka kilio kikapungua, kisha akapokea mikono iliyobaki, hadi wa mwisho, kama kazi yake ilivyomtaka.

Jumamosi iliyofuata alikuja na majivu yake, akachora mistari, akachezesha bila kumpendelea mtu. Lakini mechi ilipoisha aliokota ndoo, akaondoka kabla watoto hawajapanga foleni. Na hivyo ndivyo anavyofanya mpaka leo.

Naona mnatikisa vichwa, mnamhurumia Asajile. Huruma yenu imechelewa, na hajaiomba. Mimi nawauliza juu ya yule mtoto, maana aliulizwa swali mbele ya watu wote na hakuna aliyemsaidia kulijibu: wako akiulizwa vivyo hivyo kesho, atamtazama nani?