Aliyewalisha Panya wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mwambani, alikuwako Sultani jina lake Muhyiddini, mwenye jumba la mawe na dari za mbao za thamani, na ndani ya jumba hilo panya walikuwa wengi kuliko watumishi. Walitafuna sabuni, wakatafuna makubadhi, na asubuhi moja Sultani alipojifunga kilemba chake cha Ijumaa, kisogo kikaonekana, maana panya walikuwa wamekitoboa tundu la kupitisha ngumi. Basi ghadhabu zikampanda. Akasema panya hufuata uchafu, na uchafu hutoka jikoni. Akaamuru Bi Mwanakombo, mpishi wa jumba tangu enzi ya baba yake, afunge virago aondoke mjini.

Bi Mwanakombo alikuwa na mpwa wake, fukara aitwaye Faki, ambaye alisuka makuti siku alizopata makuti. Watu walimhesabu kuwa nusu mwerevu nusu punguani, ila hawakuafikiana ni nusu ipi iliyo kubwa. Huyo Faki alilelewa na shangazi yake tangu alipokuwa mchanga, na habari ilipomfikia alikwenda barazani moja kwa moja, akapiga magoti, akasema kwamba chungu cha Bi Mwanakombo hulala kimefunikwa na jiko lake hulala limefagiwa, kwa hiyo asifukuzwe.

Sultani akamjibu kwamba ikiwa kosa si la jikoni, basi yeye Faki ndiye awaondoe hao panya. Wala asilete paka, kwa kuwa paka humpigisha Sultani chafya. Wala asitie sumu, kwa kuwa panya wa sumu hufia darini na harufu yake haina adabu. Wala asitege mtego, kwa kuwa mtego wa mwisho ulinasa kidole cha mguu cha Sultani mwenyewe. Hapo watu wa barazani wakainamisha vichwa, wakajifanya wanatazama mkeka.

"Mwezi ukiandama na panya wangali humu," akasema Sultani, "mtaondoka wewe na shangazi yako pamoja."

Faki akaitikia kwa heshima, akatoka, akashika njia ya jikoni.

Alimkuta Bi Mwanakombo anakunja kanga zake huku machozi yakimtoka bila sauti. Faki akalikagua jiko kila pembe. Mitungi ya mchele ilikuwa na vifuniko, unga ulitundikwa juu, wala hapakuwa na mavi ya panya hata punje. Akastaajabu, kwani panya haishi pasipo kula. Basi akaomba ruhusa anyunyize majivu sakafuni jumba zima, akapewa, ila chumba cha kulala cha Sultani asikiguse.

Kulipokucha akarudi, akawa anatembea ameinama akizifuata nyayo. Zilitoka kwenye tundu la ukuta wa nyuma, zikaupita mlango wa ghala bila kusimama, zikalipita jiko kana kwamba halipo, zikapanda ngazi, zikaingia chini ya mlango wa chumba cha Sultani. Zile zilizorudi zilikuwa na mafuta, na kando yake palikuwa na chembe nyekundu zenye kunata. Akaziokota kwa jani la mgomba, akazinusa. Zilinuka iliki.

Akateremka kumwuliza shangazi yake kama alipika halua. Bi Mwanakombo akasema halua haijapikwa jikoni mwake tangu tabibu alipompigia Sultani marufuku vitu vitamu kwa ajili ya meno yake. Pengine mtu huletewa kutoka sokoni kwa siri. Kisha wote wawili wakatazama juu, kilipo chumba cha Sultani.

Ikawa Faki amebanwa kotekote. Akisema, amemwumbua Sultani. Akinyamaza, shangazi yake analala njiani na uzee wake. Akashinda kutwa nzima akisuka kuti moja, analifumua na kulisuka tena. Kesho yake akaenda barazani.

"Ewe Sultani, siku zako ziwe nyingi," akasema. "Panya hawa hawakupenda jumba lako, wamependa chakula. Yuko mtu humu ndani anayewalisha. Naomba utoe hukumu yake kabla sijamtaja, nisije nikamtaja ukamhurumia."

Sultani akapendezwa. "Mtu huyo, awaye yote, atatoka katika jumba langu saa hiyo hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Nami kauli yangu siirudishi." Kadhi akashuhudia.

Ndipo Faki akalifungua lile jani la mgomba mbele ya Sultani. "Chembe hizi nimezikuta mlangoni pa chumba, bwana wangu, na nyayo zote zaingia chumba hicho kimoja."

Kadhi akatazama dari. Tabibu akamtazama Sultani. Sultani akapitisha vidole ndevuni polepole, na kwa bahati mbaya akakuta kitu kinachonata.

"Basi nitoke katika mji wangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hasha," akajibu Faki. "Umesema atoke katika jumba, hukusema asirudi. Toka kwa mlango wa mbele, uzunguke, uingie kwa mlango wa nyuma. Hukumu itakuwa imetimia, na kauli yako hukuirudisha."

Mabega ya Sultani yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha akacheka hadi kilemba kikaenda upande. Akainuka, akatoka kwa miguu yake, watu wote nyuma wakicheka, Waziri miongoni mwao.

Lakini tangu azaliwe hakuwahi kufika nyuma ya jumba lake. Huko akakuta jaa la makombo yaliyotupwa na walinzi wake kutoka madirishani, na matawi ya mti wa mkungu yaliyolala juu ya paa kama daraja, na matundu ya ukutani yanayotosha kupitisha bakuli. Kicheko kikamkauka. Akaamuru papo hapo matundu yazibwe kwa mawe na chokaa, matawi yakatwe, jaa lifukiwe mbali, na bakuli la halua lililo chini ya kitanda chake akabidhiwe tabibu. Faki akavikwa joho na kufanywa mwangalizi wa jumba. Na kabla mwezi haujaandama panya walikuwa wamehamia kwa Waziri, ambaye siku ile alicheka kuliko wote.

Hata hivyo, siku hiyo ya hukumu adhabu ilikuwa haijesha. Sultani akafika mlango wa nyuma, ulio wa jikoni, akausukuma. Bi Mwanakombo alikuwa amewapa mgongo akifunga mzigo wake, akasikia nyayo, wala hakugeuka.

"Futa miguu kwanza," akasema. "Mwaingiza uchafu ninyi, kisha nafukuzwa mimi."

Sultani Muhyiddini akafuta mguu wa kulia, akafuta na wa kushoto, ndipo akaingia kuomba radhi.